Jino la Gentrix Juu ya Mabati

Kama hujafika kwa Rachael pale Shianda, bado hujasikia kelele za asubuhi. Kuku wanadai mahindi. Ndama anamlilia mama yake. Simu ya Rachael nayo inalia ting, ting, ting, maana yeye ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa kwenye kikundi chao cha WhatsApp.

Kazi yake humo aliijua vizuri: kutuma. Akipokea ujumbe, hausomi mara mbili. Anautuma. Mkaa unang'arisha meno? Anatuma. Maji ya vitunguu yanaondoa miwani? Anatuma. Mkwe wake, Awinja, alipomuuliza kama ni kweli, Rachael alimjibu, "Watu wengi hivyo hawawezi kukosea."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne ya likizo ya Agosti. Sammy, mwana wa Rachael na mume wa Awinja, alikuwa ameenda kukata miwa tangu alfajiri. Awinja alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe, na maziwa yalikuwa jikoni kwenye sufuria, bado vuguvugu. Binti yake Gentrix, mwenye miaka tisa, alikuwa anampeleka ndama malishoni. Alikuwa amejizungushia kamba mkononi, jambo ambalo alikuwa amekatazwa mara mia.

Ndama akaona nyasi mbichi. Akaruka. Gentrix akavutwa, akaanguka, na mdomo wake ukagonga ukingo wa hori la saruji.

"Woi! Kukhu!" alilia. Wajukuu humwita Rachael Kukhu, yaani nyanya.

Rachael alifika wa kwanza. Mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa damu. Mbele, juu, palikuwa na pengo. Jino lenyewe lilikuwa chini, kwenye vumbi.

"Nyamaza, mama, nyamaza," Rachael alimbembeleza. "Ni jino tu. Hata mimi niling'oka meno."

Akaliokota lile jino. Lilionekana refu kuliko meno aliyoyazoea, akashangaa kidogo. Lakini mtoto alikuwa analia, na yeye alijua dawa ya kumnyamazisha. Akamgeuza aitazame nyumba. Akasema kama alivyosema mama yake, na mama wa mama yake: "Nyumba, chukua hili la zamani, utuletee jipya!" Akalirusha juu ya paa. Jino likagonga mabati, kwa, kwa, kwa, kisha kimya.

"Haya basi," alisema. "Jipya litakuja."

Akampa Gentrix maji ya chumvi asukutue, na Awinja akaleta kitambaa safi auume kuzuia damu.

Wakati huo Christine alikuwa anapita njiani. Christine ni mhudumu wa afya wa kijiji. Anazunguka nyumba hadi nyumba na begi lake la buluu, akipima watoto na kuwakumbusha wajawazito kliniki. Alisikia kilio, akaingia bila kubisha.

"Hebu fungua mdomo nione," alimwambia Gentrix. Akatazama. Uso ukambadilika. "Jino liko wapi?"

"Nimelitupa juu ya nyumba," Rachael alisema. "Si ndivyo tunafanyanga?"

"Mama Rachael, hilo la utoto tunatupanga. Hili si la utoto! Mtoto wa miaka tisa ameshabadilisha meno haya ya mbele. Hili ndilo la pili. La tatu halipo."

Rachael alisimama pale pale na kikombe cha chumvi mkononi.

"Lilikuwa na mzizi?" Christine aliuliza. "Lilikuwa refu?"

"Refu," Rachael alisema polepole. "Lilikuwa refu. Niliona."

Christine alitoa simu akafungua ujumbe mmoja. Ulikuwa na picha ya jino ndani ya kikombe. "Huu tuliletewa kwenye kikundi chetu cha wahudumu wa afya mwezi jana. Unasema jino la ukubwani likitoka zima linaweza kurudishwa, lakini lisikae kavu. Kila dakika ina thamani. Limetoka saa ngapi?"

"Haijapita robo saa," Awinja alisema.

"Basi lishuke sasa hivi."

Nyumba ile ni ndefu kwenda juu, na nyuma ya jikoni kulikuwa na ngazi ambayo Sammy huitumia kusafisha mfereji wa maji ya mvua. Ngazi ilikuwepo. Mwanaume ndiye hakuwepo.

"Nimpigie Ochieng wa boda boda aje apande," Rachael alisema.

Christine akampigia. Ochieng alikuwa Mumias na abiria. "Nusu saa hivi," alisema.

Wanawake watatu wakatazamana. Ninyi mnaojua desturi za kwetu mnajua kwa nini hakuna aliyeigusa ngazi. Mwanamke hapandi juu ya paa. Mke wa mtu kupanda paa la mama mkwe wake ndiyo balaa kabisa. Watu watasema anamtakia mabaya. Na aliyeilinda desturi hiyo kuliko wote pale Shianda alikuwa Rachael mwenyewe. Mwaka juzi alimgombeza mke wa jirani mbele ya watu kwa sababu alipanda kuanua mahindi tu.

"Mama," Awinja alisema kwa sauti ndogo, "mimi naweza kupanda."

Rachael aligeuka. Alimtazama mjukuu wake. Gentrix alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitambaa mdomoni, machozi yanatiririka bila sauti. Rachael aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ni mkono wake uliolirusha jino lile.

"Panda," alisema.

"Mama?"

"Panda, nimesema! Akiuliza mtu, mwambie Rachael ndiye aliyekutuma. Nitaishika ngazi mimi mwenyewe."

Akaishika kwa mikono miwili. Awinja akajifunga leso vizuri akapanda. Paani hapakuwa na kitu. Akapapasa kwenye mfereji, ndani ya majani makavu na tope. Rachael chini alikuwa anaomba kwa Kiluhya, kwa sauti, bila kupumua.

"Nimeliona!"

"Shika upande mweupe, ule unaoonekanaga mdomoni!" Christine alipiga kelele. "Usiguse mzizi! Usilifute!"

Awinja alishuka nalo kama mtu aliyebeba yai. Rachael alikuwa tayari ameshika brashi ya kusugulia vyombo.

"Weka hiyo chini, Mama Rachael," Christine alisema. "Ukisugua mzizi unaua ngozi yake, halafu halishiki tena. Lete maziwa."

Walilimwagia maziwa kidogo tope likatoka. Christine alisoma ujumbe wake tena. "Inasema anayeweza alirudishe kwenye tundu lake pale pale, mtoto aume kitambaa." Lakini Gentrix akakaza midomo, na Awinja hakuthubutu kumlazimisha. "Basi kikombe. Maziwa yalifunike lote. Twende hospitali."

Ochieng alipofika na mwenzake wa boda, waliondoka. Awinja alimpakata mtoto katikati, na Rachael akapanda boda ya pili akiwa ameshika kikombe chenye kifuniko. Njia nzima mpaka mjini Kakamega alimgombeza dereva kwa kila shimo.

Katika kliniki ya meno walimkuta daktari kijana, Dkt. Simiyu. Alikuwa daktari wa meno tayari, lakini alikuwa anasomea ubingwa wa meno ya watoto. Chuo chake kiko Nairobi. Hapa Kakamega alikuwa amekuja kwa miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo.

Alipokiona kikombe alisimama. "Nani amewafundisha maziwa?"

"Christine, jirani yetu," Awinja alisema. "Aliona kwenye simu."

Daktari hakupoteza muda. Aliuliza jino lilitoka saa ngapi na lilikaa kavu dakika ngapi. Alipiga eksirei. Alimdunga Gentrix sindano ya ganzi, akaliosha tundu, akalirudisha jino taratibu mpaka likakaa. Kisha akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani. Gentrix alibana macho muda wote, akaminya kidole cha Kukhu wake mpaka kikafa ganzi nacho.

"Shujaa wewe," daktari alimwambia.

Rachael akapumua. Hapo ndipo daktari alipovua glavu, akanawa mikono, akatoa simu mfukoni. Akaanza kuandika. Akaandika sana. Tena akatabasamu!

Rachael alivumilia kidogo tu. "Daktari!" alisema. "Mtoto yuko kwenye kiti mdomo umefura, na wewe unachati?"

"Mama!" Awinja alimnong'oneza, aibu imemshika.

"Niache niseme. Kijana wangu, sisi tumetoka mbali. Kama ni mchumba, mwambie angoje."

Dkt. Simiyu alicheka mpaka akaweka simu mezani. "Kukhu, si mchumba. Ni darasa." Akamgeuzia simu aone. "Humu tuko wanafunzi kumi na sita tunaosomea ubingwa, na walimu watatu. Mmoja yuko Eldoret, mwingine Mombasa, mimi niko hapa. Hatukai chumba kimoja, kwa hiyo tunakutana humu. Mtu akipata kesi ngumu, anauliza. Hata ujumbe ule wa kikombe cha maziwa tuliuandika sisi wanafunzi. Walimu wakaukagua, ndipo ukapelekwa kwa wahudumu wa afya."

"Kwa hiyo hujui kutibu?" Rachael aliuliza. Hakuwa na mzaha.

"Cha haraka kilikuwa kulirudisha jino, na nimeshakifanya. Hilo halikungoja simu. Sasa nina swali moja. Ndani ya jino kuna mshipa. Je, niutoe siku chache zijazo, au ningoje kwanza? Nina wazo langu, lakini mwanafunzi anayeona haya kuuliza ni hatari kwa mgonjwa. Ila kwanza nataka kuwaomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?" Awinja aliuliza.

"Niwatumie picha ya meno yake na ile eksirei."

"Hapana!" Rachael alijibu kabla ya mwenye mtoto. Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, kwenye matanga, mtu alimpiga picha akiwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi. Picha ile ilifika mpaka kwa dada yake Bungoma. "Picha hizi zenu huanza kwa mtu mmoja zikaishia kwa wote."

"Ni kweli, Kukhu," daktari alisema. "Picha ikishatoka kwenye simu yangu, siwezi kuapa haitapita mahali. Ndiyo maana sipigi uso. Sitaji jina, wala kijiji, wala shule. Ni meno tu. Mama mtoto anaweka sahihi hapa akikubali. Akikataa, sipigi, na matibabu ya Gentrix hayabadiliki hata kidogo. Nitampigia mwalimu wangu simu nimweleze kwa mdomo."

Awinja alifikiri. "Naweza kuiona kabla hujaituma?"

"Lazima uione."

Awinja aliitazama. Meno manne, waya, eksirei. Hata yeye asingejua ni ya nani. Akamtazama mama mkwe wake, Rachael akainua mabega, naye akaweka sahihi. Daktari akaituma.

Majibu yalianza kuingia. Ting. Ting. Rachael aliujua mlio huo vizuri.

"Soma kwa sauti," alisema. "Ni jino letu."

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzake, Maina. Alituma video. Mtu aliyevaa koti jeupe alikuwa anasema kwa kishindo kwamba jino likirudishwa, mshipa utolewe siku hiyo hiyo, la sivyo jino litaoza.

"Watu laki mbili wameipenda," Rachael alisema, akinyoosha kidole kwenye ile alama ya moyo. "Si ufanye basi? Watu laki mbili hawawezi kukosea."

Awinja akakohoa.

"Kukhu, hao laki mbili wameipenda," daktari alisema. "Hawakumtibu mtu. Mimi hujiuliza maneno matatu. Anayesema ni nani? Anasema kuhusu mgonjwa wa aina gani? Na ameyatoa wapi, lini? Huyu hasemi jina lake kamili. Hasemi kama ni mtoto au mtu mzima. Wala hasemi ameyasoma wapi."

Kisha ukaingia ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa mwalimu wao, Dkt. Chepng'etich. Daktari akaufungua wote wasikie.

"Simiyu, kazi nzuri. Maina, asante, lakini video hiyo inamwonyesha mtu mzima. Huyu ana miaka tisa. Tazameni eksirei, ncha ya mzizi bado iko wazi. Fungueni ule mwongozo wa kutibu meno yaliyong'oka niliowapa, someni sehemu ya mzizi ulio wazi, halafu mmoja wenu amwambie kila mtu hapa: tufanye nini?"

Wanafunzi wakaenda kusoma. Rachael akasogea karibu na simu. Ting. Ni Maina: "Tungoje, Mwalimu. Mzizi ukiwa wazi damu inaweza kurudi ndani na mzizi ukaendelea kukua. Tumfuatilie kwa eksirei. Dalili mbaya zikitokea, hapo ndipo tutoe mshipa. Samahani, niliharakisha kutuma."

Rachael aliyasikia hayo maneno ya mwisho. Akaitazama simu yake mwenyewe.

"Hilo ndilo wazo nililokuwa nalo," Dkt. Simiyu alisema. "Sasa nina hakika zaidi. Lakini sikilizeni, mimi sitoi ahadi. Jino linaweza kushika, linaweza kukataa. Tumelipa nafasi nzuri tu."

Akawaeleza la kufanya. Gentrix ale vyakula laini kwa wiki mbili: uji, ndizi za kupondwa, obusuma na mchuzi. Apige mswaki kila baada ya kula, kwa mswaki laini. Anywe dawa zote mpaka ziishe. Apewe sindano ya pepopunda kama kadi yake inaonyesha anaihitaji. Baada ya wiki mbili warudi waya utolewe, halafu waje kila tarehe watakayopewa.

"Na miwa?" Gentrix aliuliza kupitia midomo iliyofura.

"Miwa, hapana."

Mtoto wa Shianda kukatazwa miwa! Hapo ndipo alipolia kwa kweli.

Usiku ule Sammy alisikia kwamba mke wake alipanda paa. Alifungua mdomo. Mama yake akamtazama. Akaufunga.

Waya ulitolewa baada ya wiki mbili. Walirudi kila tarehe, hata siku ya mvua kubwa barabara ikiwa tope tupu. Rachael hakukosa hata mara moja. Kila usiku alikuwa anamwambia Gentrix afungue mdomo, anamulika kwa simu, anatazama kama lile jino limegeuka rangi. Wakati mwingine alishindwa kulala kwa kuwaza ule mlio wa kwa, kwa, kwa.

Mwezi wa Februari walikwenda tena. Dkt. Simiyu alikuwa amerudi chuoni Nairobi, lakini alikuwa amepanga kuja siku hiyo kwa ajili ya wagonjwa wake. Alipiga eksirei. Akaiweka karibu na ile ya Agosti.

"Tazama hapa, Kukhu. Agosti ncha ilikuwa wazi namna hii. Leo imeanza kujifunga. Mzizi unakua. Jino liko hai."

Rachael alifunika uso kwa leso. Awinja alimshika bega, na wakakaa hivyo kidogo, mtu na mkwe wake, wote wanalia na kucheka.

"Naomba kuwaonyesha wenzangu," daktari alisema. "Lakini Gentrix sasa anaelewa. Nimuulize na yeye. Gentrix, unakubali?"

Gentrix alifikiri sana, kama mama yake. "Nakubali. Lakini usiweke uso."

"Kwa kweli huyu ni wetu," Rachael alisema. "Na mimi nina ujumbe wangu. Nitautuma mwenyewe."

Jioni ile akina mama wa kanisa walipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kiongozi wao. Haukuwa umetoka kwa mtu mwingine. Ulikuwa wake. Alisema hivi: "Mimi Rachael nililitupa jino zuri la mjukuu wangu juu ya mabati. Jino likitoka, kwanza tazama mzizi. Kama jino ni refu, lishike upande mweupe, litie kwenye maziwa, kimbia hospitali. Wala mzizi usiusugue. Nimeyatoa kwa Dkt. Simiyu, aliyemtibu mtoto wangu mbele ya macho yangu. Na ile habari ya mkaa niliyowatumia, sijui nani aliisema. Ifuteni."

Siku hizi kikundi kimepoa kidogo. Mtu akituma dawa ya ajabu, Rachael anauliza: nani amesema, amemtibu nani, na lini? Wengine wanaona anachosha. Anajua, na hajali.

Juzi mdogo wake Gentrix, Emily, mwenye miaka sita, aling'oka jino la mbele wakati akila mkate. Alilileta mbio kwenye kiganja. Nyumba nzima ikasimama. Rachael alivaa miwani, akalichukua, akaligeuza huku na huku mwangani.

"Fupi," alisema. "Halina mzizi. Hili ni la utoto kweli. Haya, tupa!"

Emily akalirusha kwa nguvu zake zote. "Nyumba, chukua hili la zamani, utuletee jipya!" Kwa, kwa, kwa, mabati yakajibu.

"Na kama tumekosea?" Awinja aliuliza akitabasamu.

"Si ngazi ile pale?" Rachael alisema. "Na wewe unajua kupanda."

Akaingia jikoni kuchukua kisu amchinjie Emily kuku, ingokho mzima.